Kompresa ya Tatu

Concessa hakuwa mtu wa mashine. Kwa miaka kumi na tisa aliwamba viti vya watu kwa nyundo, misumari midogo ameibana midomoni, na kila aliyemtajia bunduki ya pini inayoendeshwa kwa hewa alijibiwa kwamba kiti si adui, hakipigwi risasi. Lakini mwili nao una maamuzi yake. Majira haya ya baridi viungo vya vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kuvimba, na ilipofika Januari hakuweza kushika nyundo robo saa bila machozi kumlenga. Daktari wa kituo cha afya alimpa vidonge na karatasi yenye michoro ya mazoezi ya vidole. Aliibandika karatasi hiyo kwenye ukuta wa karakana, akaitazama kwa siku tatu, kisha akampigia simu Baba Wayne.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chini kabisa ya jengo mojawapo la Bredäng, na dirisha lake dogo lilikuwa usawa wa ardhi, hivyo aliyekaa ndani aliona viatu vya wapita njia tu. Concessa alikipenda chumba hicho kuliko kitu kingine chochote ndani ya Uswidi, ukimwondoa binti yake. Asubuhi aliosha masufuria kwenye jiko la shule; mchana alishuka humo, akafunga aproni, akawa fundi. Tena alikuwa amekwisha kupoteza chumba kama hicho mara moja, kule Hagsätra. Jirani mmoja aliandika barua kuhusu nyundo, kisha akaandika nyingine, na Concessa akapewa mwezi mmoja kuhamisha mbao, sponji na majora yake ya vitambaa. Hakuna aliyemgombeza. Hakuna hata aliyemkunjia uso kwenye ngazi. Ndivyo mambo yanavyokwenda huku: mtu anakusalimia vizuri asubuhi na jioni, halafu barua inakuja yenyewe.

Mkataba wa Bredäng ulisema wazi: malalamiko mawili ya kelele, unarudisha ufunguo. Na sasa usharika wao wa Kiswahili, ambapo Warundi, Wanyarwanda, Wakenya na Wakongomani husali pamoja Jumapili alasiri, ulikuwa umemkabidhi viti arobaini viwe tayari kwa Pasaka. Viti arobaini, mkono usioshika nyundo, na chumba kisichovumilia kelele. Akikipoteza hiki, Concessa alijua, hatapata kingine. Na hata akipata, hatakuwa na mkono wa kukifanyia kazi.

Baba Wayne, ambaye jina lake ni Muriuki lakini hakuna anayelitumia, alikuwa fundi wa malori, Mkenya wa kusaidia kabla hajaombwa na kushauri kabla hajaulizwa. Alifika Jumanne, mwanzoni mwa Februari, akiburuta dude jekundu la magurudumu mawili, la kuitilia hewa bunduki ya pini, alilolipata kwa mtu wa Vårby gård.

"Hii sasa ndiyo kompresa, Mama Alliance. Tangi ya lita hamsini. Hata tairi ya lori inajaza."

"Mimi ninawamba viti, Baba Wayne. Lori sina."

"Pawa ikizidi haidhuru mtu. Wewe ziba masikio tu."

Alipoiwasha, vikombe vya chai vilianza kutembea juu ya meza. Concessa alikuwa na kipimo chake mwenyewe cha kelele, tangu Hagsätra: alisali Baba Yetu kwa sauti ndogo, ile ya mtu aliye peke yake. Akijisikia, kelele ni ya kuvumilika. Akaanza kusali. Midomo ilikwenda, lakini sauti yake hakuisikia hata chembe. Alipofika kwenye mkate wa kila siku tangi likajaa, mashine ikajizima yenyewe, ikatoa pumzi fupi, psss, na chumba kikawa kimya.

Hapo ndipo kitu kilipogonga juu ya dari.

Ko. Ko. Ko.

Wote wawili walitazama juu. Yalikuwa mapigo matatu yenye nguvu, yaliyopangwa. Kikapita kimya kifupi, yakaja mengine matatu.

"Wamekasirika hao," alisema Baba Wayne, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Concessa alikuwa ameshachomoa waya ukutani. Lakini kabla ya kuchomoa kulitokea jambo jingine, dogo, ambalo hakumwambia Baba Wayne: mdomo wake ulikuwa umefunguka kusema karibu. Alikokulia, Rumonge kule Burundi, mapigo matatu ni hodi, na hodi huitikiwa. Neno alilimeza kwa sababu ya mama yake. Mama yake aliwafundisha wanawe wote kwamba hodi ya mtu usiyemwona haiitikiwi. Unanyamaza, unasogea, unachungulia mpaka umwone uso. Ukiitika tu hivi hivi, kinachoingia umekikaribisha mwenyewe na huna wa kumlaumu. Concessa alikuwa na miaka hamsini na minne, alilipa kodi, alipiga kura, alipanda treni za chini ya ardhi kila siku, na bado mapigo ya mtu asiyeonekana yalimfunga ulimi.

"Rudisha dude lako," alisema. "Hilo ni lalamiko la kwanza. Nimebakiwa na moja."

Ya pili aliinunua mwenyewe siku ya Ijumaa: nyeusi, lita ishirini na nne, ya aina isiyotiwa mafuta. Aliiweka juu ya mkeka wa mpira, akaizungushia vipande vya sponji, akiacha nafasi pembeni kama Baba Wayne alivyomsihi kwenye simu, kwa kuwa kompresa iliyokosa hewa hupata joto mpaka ikaungua. Akasali. Safari hii alijisikia, kwa mbali, kama mtu anayesali chumba cha pili. Tangi lilijaa kwa Baba Yetu mbili na nusu.

Kisha akachukua bunduki ya pini. Tak. Tak. Tak. Kitambaa kilikaa, kona zikakunjika, na vidole havikuuma. Alimaliza kiti kizima kwa muda ambao nyundo ingemaliza upande mmoja. Akakikalia, akalia kidogo, kwa raha tu. Akiwa bado anajifuta machozi, akapiga pini chache za mwisho. Presha ikashuka, mashine ikajiwasha, ikajaza, ikanyamaza.

Ko... ko...

La tatu hakuwa na hakika nalo. Lilikuwa hafifu mno, huenda lilikuwa ni kiatu cha mtu nje. Concessa alisubiri, bunduki mkononi. Hakikuja kitu kingine. Akajisemea kwamba kelele imepungua na hasira imepungua nayo. Akipata mashine yenye sauti ndogo zaidi, huyo wa juu atatulia kabisa. Alifurahi. Mungu amsamehe, alifurahi.

"Mamma, gå upp och ring på dörren," alisema binti yake Alliance jioni ile, kwa Kiswidi kama kawaida yake, bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na hakuona ugumu wa jambo lolote.

"Nikapige kengele ya mtu aliyekasirika? Ili anione uso vizuri, ajue wa kumwandika?"

Alliance alicheka, lakini akamwandikia mama yake ujumbe kwa Kiswidi kizuri: samahani kwa kelele, ninatafuta mashine ya kimya zaidi, ni mimi fundi wa viti hapo chini. Jumamosi asubuhi Concessa alikaanga mandazi, akatia sita kwenye mfuko pamoja na ujumbe, akapanda ngazi. Mlango uliokuwa sawasawa juu ya karakana ulikuwa na kibao cha jina: Ekdahl. Alimkumbuka kwa mbali, bibi mwembamba wa koti la kijani na mkongojo, aliyewahi kupishana naye mara mbili tatu kwenye mlango wa jengo. Alitundika mfuko kwenye kitasa. Akainua kidole mpaka kwenye kengele.

Kidole kilikaa hapo. Ndani alisikia, au alidhani anasikia, kitu kama nguo nzito inayoburutwa sakafuni, kidogo, kisha ikaacha. Akaona: anakuja kufungua, na uso wake umekunjamana. Concessa akashusha kidole, akashuka ngazi kwa kunyata, akajifungia karakana kwa aibu.

Jumatatu mfuko ulikuwa bado unaning'inia pale pale. Jumanne vilevile. Basi hakusamehewa, na hilo lilimkaa vibaya kuliko lalamiko lenyewe. Chakula cha mtu hukubaliwa, hata kwa nusu tonge, ndivyo alivyolelewa yeye. Kukiacha mlangoni kikauke ni kusema jambo zito. Siku hizo hakuthubutu kuwasha chochote. Alikata sponji, akapima vitambaa, akasikiliza dari. Dari lilikuwa kimya. Viti vilikuwa thelathini na tisa bado.

Jumatano walikwenda yeye na Baba Wayne kwenye duka kubwa la vifaa kule Kungens Kurva, na Concessa akamwambia muuzaji aziwashe zote, moja baada ya nyingine. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye subira. Alianza na maelezo ya lita na nguvu ya mota, Concessa akamkatiza kwa mkono.

"Mwambie nataka kusikia, si kuambiwa," alimwambia Baba Wayne, ingawa Kiswidi alikijua vya kutosha. Alipoogopa, Kiswahili ndicho kilichotoka kwanza.

Ya kwanza ilifuta sauti yake kwenye neno la tatu. Ya pili ilimwachia vipande vipande. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila kila ilipozima ilipiga mlio mkali wa kuruka nao. Wanunuzi walianza kumtazama mwanamke mwenye koti la manyoya bandia aliyefumba macho mbele ya rafu, midomo ikimcheza. Baba Wayne alijitia kusoma bei za misumeno. Ndipo muuzaji akashusha kutoka rafu ya chini kitu cha kijivu kisichozidi ukubwa wa mkoba wa safari. Tangi la lita sita tu, alieleza. Mota yake huzunguka polepole, ndiyo maana haipigi kelele. Kwa kupaka rangi ukuta mzima haifai, wala kwa kufungulia nati. Lakini bunduki ya pini hula hewa kidogo sana, na kwa kazi hiyo mtu hahitaji zaidi. Desibeli hamsini na tano, alisema, kama watu wawili wanaozungumza.

Akaiwasha. Concessa alisali kutoka mwanzo hadi mwisho na akasikia kila neno, hata amina.

"Hii haiwezi kujaza hata tairi ya baiskeli," alinung'unika Baba Wayne.

"Baiskeli pia sina."

Alhamisi, saa tisa alasiri, viatu vilivyopita dirishani vilikuwa vimeshaanza kukosa rangi kwa mawingu mazito. Concessa aliiweka mashine ya kijivu juu ya mkeka, akachomeka waya, akafungua. Ilinguruma taratibu. Alisikia saa ya ukutani ikienda. Alisikia hata sponji ikijikunjua kwenye kona. Akatabasamu peke yake, akapangusa kiti cha pili, na alipofika kwenye makosa yetu kama sisi nasi, tangi likajaa, mashine ikanyamaza.

KO. KO. KO.

Bunduki ilimponyoka. Hayakuwa mapigo ya Ijumaa, yale ya kusuasua. Yalikuwa na nguvu kuliko hata ya siku ya kwanza, ya mtu aliyepona na kusimama imara. Vumbi jembamba lilidondoka kutoka kwenye dari na kukaa juu ya kitambaa.

"Lakini sijapiga kelele," alisema Concessa kwa sauti, na machozi ya hasira yakamjaa. "Nifanye nini tena? Sijapiga kelele!"

Akafungua vali, akatoa hewa kidogo. Mashine ikajiwasha. Alisimama chini ya dari akilitazama, na muda wote mashine iliponguruma hapakuwa na pigo hata moja. Ikanyamaza. Ko. Ko. Ko. Akatoa hewa tena. Ikanguruma, dari kimya. Ikanyamaza, dari likagonga.

Ndipo mwili wake ulipojua, kabla ya kichwa. Anayelalamikia kelele hugonga wakati wa kelele. Huyu alikuwa anasubiri kelele iishe. Jumanne ile alisubiri. Ijumaa alisubiri. Mtu husubiri kimya kwa sababu moja tu, ili asikike.

Alipanda ngazi bila koti, aproni kiunoni. Mandazi yalikuwa kitasani, magumu kama kuni. Magazeti yalikuwa yamesongamana kwenye tundu la barua mlangoni, moja juu ya jingine, na safari zote zile hakuwa ameyatazama, maana macho yake yalikuwa kwenye mfuko wake mwenyewe. Akabonyeza kengele. Akaibonyeza tena. Akavuta magazeti, akainua kifuniko cha tundu, akainama.

Hewa ya baridi ilimpiga usoni, baridi ya nje kabisa, na ndani yake harufu nyembamba ambayo hakuhitaji kuambiwa ni ya nini. Alikuwa anaijua tangu mauaji ya kwao ya mwaka wa tisini na tatu, na alikuwa amesafiri mbali sana ili asiinuse tena.

Na huko ndani, akiwa bado ameinama, kitu kiligonga sakafu mara tatu.

Aliyekuja na funguo alikuwa Juvénal, Mkongomani wa Bukavu aliyetunza majengo yale. Alinusa mara moja, akarudi nyuma, akawaita polisi. Concessa alikaa kwenye ngazi na watu wakampita wakipanda na kushuka. Alipoulizwa alisema anafanya kazi hapo chini na kwamba alisikia kitu. Lini? Leo, alisema, na polisi mwanamke aliyekuwa akiandika aliinua kalamu, akamtazama, kisha akaandika kitu kingine.

Juvénal ndiye aliyeshuka baadaye karakana kumweleza. Alikaa kwenye kile kiti cha kwanza, kofia mkononi.

"Alianguka jikoni, Maman. Nyonga ilivunjika. Wanaona ni Jumanne ya wiki iliyopita, kwa sababu gazeti la Jumatatu liko mezani na la Jumanne liko mlangoni. Mkongojo alikuwa nao mkononi. Pale sakafuni kuna alama, vishimo vishimo, alipokuwa anapiga." Akaiweka kofia gotini. "Dirisha lilikuwa wazi, ndiyo maana hatukusikia harufu mapema. Daktari anasema alikufa Ijumaa usiku, au Jumamosi."

"Jumamosi saa ngapi?"

"Nani atajua, Maman?"

Concessa aliutazama mkono wake wa kulia, kile kidole. "Nimemsikia leo, Juvénal. Mara nne. Nimemsikia nikiwa mlangoni kwake."

"Ulisikia mabomba ya kupashia joto. Chauffage. Nyumba hizi ni za zamani."

"Mabomba hayahesabu mpaka tatu."

Juvénal aliitazama mashine ya kijivu, akalitazama dari, na Concessa akaona anataka kuondoka. Akamuuliza upesi lile lililobaki. "Alinilalamikia mara ngapi? Huko ofisini, aliandika mara ngapi?"

"Plainte? Hakuna hata moja, Maman. Niliangalia mwenyewe, nilijua utauliza." Alizungusha kofia. "Alipiga simu mara moja tu, mwezi wa kwanza. Aliuliza fundi wa chini yuko wapi, kama anaumwa. Alisema hasikii tena nyundo, na bila nyundo mchana ni mrefu."

Baada ya Juvénal kwenda zake, Concessa alikaa na aproni yake mpaka dirisha likawa jeusi. Wiki nzima alikuwa akitafuta namna ya kutosikika. Na huko juu bibi wa watu alikuwa chini sakafuni, akihesabu mapigo yake, akingoja mashine ya watu izime ili naye aseme hodi. Hodi hiyo alikuwa amempigia Concessa, si mwingine, kwa sababu Concessa ndiye mtu wa pekee ambaye bibi huyo alijua kuwa yupo.

Jumapili hakwenda kusali. Alimpigia simu Baba Wayne amrudishie lile dude jekundu.

"Si uliniambia nilirudishe?"

"Lete tu. Au nitafutie isiyonyamaza. Iwake, isizime."

"Mama Alliance, hakuna kompresa kama hiyo. Ikijaa, lazima inyamaze. Isiponyamaza itapasuka."

Juvénal alimpa nafasi ya kuhamia jengo la tatu, chumba kikubwa zaidi, chenye madirisha mawili. Alliance akamwambia akichukue, kwa Kiswahili kabisa, jambo lililomwonyesha Concessa jinsi mtoto alivyoogopa. Mwenyewe alikwenda kukiona. Kilikuwa chumba kizuri. Alisimama katikati yake, akasikiliza, na hakusikia kitu, na ukimya ule ukamtia uchungu kwa ajili ya bibi wa koti la kijani. Akarudisha ufunguo.

Jumanne mchana, wiki mbili tangu ile ya kwanza, alishuka karakana yake. Nyumba ya juu ilikuwa imekwisha kuondolewa vitu, sakafu imeoshwa, mlango umefungwa, na funguo zote ziko kwa Juvénal. Concessa aliuacha wazi mlango wa karakana. Alimaliza kiti cha pili, kile kilichodondokewa na vumbi. Alikibadilisha kitambaa, akachagua kile cha rangi ya kijani alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kiti cha mchungaji, na akatia sponji mbili badala ya moja. Pini ya mwisho ilipoingia, mashine ikajiwasha. Alisali nayo. Amina. Ikanyamaza.

Ko. Ko. Ko.

Aliogopa, tena sana. Alimkumbuka mama yake na kila alichomfundisha. Kisha akaweka bunduki mezani, akajifuta mikono kwa aproni, akaitika kwa sauti kubwa ya kusikika ghorofa ya juu, jinsi alivyopaswa kuitika siku ile ya kwanza:

"Karibu! Karibu, mama. Pita ndani."

Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu juu, mlango uliofungwa ulifunguka, na ukafungwa taratibu, kwa adabu ya watu wa huku wasiotaka kusumbua. Hatua hazikusikika. Kilichosikika ni mkongojo. Ko, ngazi ya kwanza. Ko, ya pili. Concessa alihesabu ngazi zote, kumi na nane, na mkongojo haukuharakisha hata moja. Ulivuka ukumbi wa chini. Ukasimama kizingitini, ambapo hapakuwa na mtu.

Concessa akakivuta kiti cha kijani, akakigeuza kielekee mlangoni, akasogea kando.

Sponji mpya, ikikaliwa mara ya kwanza, hutoa pumzi. Kila fundi wa viti anaijua sauti hiyo. Kitambaa cha kijani kilibonyea katikati, polepole, kwa uangalifu wa mtu mwenye nyonga mbovu, na kiti kikapumua mara moja, pumzi ndefu, kikatulia. Kitambaa hakikuinuka tena.

Concessa alilia bila kujificha. Alisema samahani kwa Kiswahili, kisha kwa Kiswidi, kisha kwa Kirundi. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi, akachukua nyundo, ile ya zamani, akavumilia vidole, akaanza kugonga kiti cha tatu.

Siku ya Pasaka viti vilivyofika kanisani vilikuwa thelathini na tisa. Mchungaji alivihesabu mara mbili, akamwendea Concessa, akamuuliza kwa upole kama kimoja hakijakamilika.

"Kimekamilika," alisema Concessa. "Ila kina mtu."